Buha Katika Madaftari ya Mlimani

Mwaka 1968 mwanahistoria Andrew Roberts alihariri kitabu kilichokusanya historia za maeneo saba ya Tanzania kabla ya mwaka 1900. Upare umo, Usambaa umo, Uhehe umo, Unyamwezi umo. Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, haimo. Kijana wa Kasulu au Kibondo aliyepata bahati ya kusoma historia Mlimani, kwenye chuo kikuu cha Dar es Salaam, miaka ile alijifunza mengi kuhusu Kimweri na Mirambo, lakini kuhusu Mwami (mfalme) wa Heru au wa Muhambwe alibaki na yale aliyoyasikia kwa babu yake kabla ya kupanda treni ya Kigoma. Pengo hilo lina historia yake, na inafaa kusimuliwa.

Chuo chenyewe kilikuwa kichanga. Kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 13 tu, wote wa sheria. Mwaka 1964 kikahamia kwenye kilima nje ya mji, na ndipo Idara ya Historia ilipoanza chini ya Terence Ranger, Mwingereza aliyefukuzwa Rhodesia ya Kusini kwa kuunga mkono vyama vya ukombozi. Walifuata John Iliffe, Isaria Kimambo, Arnold Temu, na baadaye Walter Rodney kutoka Guyana. Kazi iliyowakabili ilikuwa nzito. Mwaka 1963 tu, Hugh Trevor-Roper, profesa wa historia pale Oxford, alikuwa ametangaza kwamba Afrika haina historia ya kufundishwa, ila historia ya Wazungu waliokuja Afrika. Walimu wa Dar es Salaam waliamua kumjibu kwa utafiti. Oktoba 1965 wakaitisha mkutano mkubwa wa kimataifa wa wanahistoria wa Afrika, na mwaka 1969 Kimambo na Temu wakatoa historia ya Tanzania iliyomweka Mwafrika katikati ya mambo yake mwenyewe.

Kilichonivutia siku zote katika habari za idara ile ni safari za wanafunzi. Mwaka 1968 walitumwa vijijini kusini na mashariki mwa nchi kuwahoji wazee waliokumbuka Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Gilbert Gwassa alikuwa ametangulia kufanya kazi kama hiyo, na pamoja na Iliffe akachapisha kumbukumbu za vita vile. Mzee aliyekuwa kijana wa miaka 15 vita vilipolipuka alikuwa na miaka 78 mwanafunzi alipobisha hodi. Miaka kumi baadaye angekuwa hayupo. Tunayoyajua leo juu ya Maji Maji, mbali na yaliyo katika faili za Wajerumani, kwa sehemu kubwa tunayajua kwa sababu vijana wale walifika kwa wakati.

Lakini Buha haikupigana Maji Maji. Na hapo ndipo jambo letu linapoanzia. Taifa jipya lilitafuta mashujaa wa kupinga ukoloni, na idara ikawatafuta pale walipokuwa. Pasipo vita vikubwa pakaachwa kwanza. Sisemi haya kuwalaumu. Ukiwa na walimu wachache na nchi kubwa namna hii lazima uchague pa kuanzia. Ila uchaguzi ule uliacha milima mizima bila mwandishi wake wa nyumbani.

Ukipanda kutoka ziwani Kigoma kuelekea Kasulu, hewa inabadilika, joto linapungua, migomba inakuwa mingi. Nyanda hizi zimekaa kati ya Ziwa Tanganyika, bonde la Malagarasi na mpaka wa Burundi. Hapakuwa na ufalme mmoja wa Waha. Jean-Pierre Chrétien, Mfaransa aliyefundisha Bujumbura miaka ya 1960, alipoandika mwaka 1975 juu ya Buha ya mwisho wa karne ya 19, alihesabu falme sita za watu wamoja, miongoni mwake Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, na Buyungu kaskazini zaidi, ambako leo ni Kakonko. Kila moja ilikuwa na Mwami wake na watwale, wakuu wa maeneo, chini yake. Pembeni ya Mwami walikuwapo wateko, wazee wa ardhi, ambao kazi yao ilikuwa kupatanisha watu na nchi waliyoikalia: mvua, mazao, mizimu ya mahali. Mwami alikuwa na ng'ombe na baraza, lakini mwenye neno juu ya udongo alikuwa mteko. Anayesoma habari za Buha akisahau nusu hii ya pili amesoma habari za ikulu tu.

Tena Buha haikuwa ukingo wa dunia kama ramani za baadaye zilivyoifanya. Jan Vansina alipokusanya mapokeo ya Burundi alikuta masimulizi ya namna mbili kuhusu asili ya Ntare Rushatsi, mwanzilishi wa ufalme ule. Moja linamleta kutoka kaskazini, upande wa Rwanda. La pili linamleta kutoka Buha na kupitia mlima wa Nkoma, karibu na mpaka wa leo. Wanahistoria wamebishana sana juu ya lipi ni la zamani zaidi na lipi lilipambwa kwa ajili ya siasa. Kwa msomaji wa Kasulu ubishi huo una uzito wake: upo uwezekano kwamba mojawapo ya falme kubwa za Maziwa Makuu iliona chimbuko lake katika milima hii, na jina la Ntare likaendelea kutawala Heru hadi siku za uhuru.

Kusini mwa Buha, Uvinza, watu walichemsha maji ya chumvi kwenye chemchemi na kuuza chumvi mbali sana. Mwaka 1967 John Sutton na Roberts walichimba pale na kukuta ushahidi kwamba kazi ile ilikuwapo kabla ya mwaka 1000. Chumvi hiyo ilipita mikononi mwa Waha, Wanyamwezi na wengine karne nyingi kabla ya msafara wa kwanza kutoka pwani.

Misafara ya pwani nayo ilipofika ilikuta mipaka na wenyewe. Hapa kuna tukio ambalo kila mwanafunzi wa historia wa Kigoma angepaswa kulisoma kwa makini. Mwishoni mwa mwaka 1871 Henry Morton Stanley alivuka Malagarasi akienda Ujiji kumtafuta Livingstone. Akiwa Buha alisimamishwa na mtwale aliyemwita Mionvu, mtu aliyevaa joho jekundu na kilemba, akiwa na watu wake wenye mikuki na pinde. Mionvu alidai hongo ya vitambaa 100. Stanley alitaka kutoa kumi. Wakabishana, Stanley akalipa zaidi sana ya alivyokusudia, kisha akaambiwa mbele yake kuna watwale wengine wanaongoja hongo zao. Akatafuta mtu wa kumwongoza, akaondoka usiku na msafara wake, akapita porini kimyakimya hadi akatoka nje ya Buha bila kulipa tena.

Katika kitabu chake cha 1872 tukio hili linasimuliwa kama werevu wa msafiri aliyewashinda wanyang'anyi. Vitabu vingi vimelirudia hivyohivyo. Lakini lisome upya ukiwa umekaa upande wa Mionvu. Msafara wenye bunduki unaingia nchini mwake, unakunywa maji yake, unapita kwenye njia zinazolindwa na watu wake, na kiongozi wake analalamika kudaiwa ushuru. Usiku anatoroka. Leo gari la mizigo likikwepa kizuizi cha forodha pale Manyovu usiku wa manane, tunajua tungemwitaje dereva. Somo hili moja, kusoma waraka wa mgeni huku ukiuliza mwenyeji aliona nini, lina thamani kuliko kukariri tarehe mia.

Mambo yaliharakishwa baada ya hapo. Miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe, funza wa miguuni wakaingia, na mwaka 1896 Wajerumani wakaweka boma Ujiji. Reli ya kati ikafika Kigoma mwaka 1914. Miaka miwili baadaye Wabelgiji walishuka kutoka Kongo, wakawafukuza Wajerumani na kuitawala Kigoma na Buha hadi 1921, walipowaachia Waingereza. Kwa miaka 25 Buha ilibadilisha mabwana watatu. Kwa mwanahistoria hii ni adha ya kweli, kwa kuwa karatasi zimetawanyika: nyingine Ujerumani, nyingine Brussels kwa Kifaransa, nyingine Uingereza, nyingine katika Nyaraka za Taifa pale Upanga. Mtu wa Kibondo anayetaka kuandika tasnifu juu ya babu yake inambidi ajue Kijerumani na Kifaransa, mbali na Kiingereza, au awategemee waliosoma kwa niaba yake.

Waingereza ndio walioandika zaidi. Claude Grant, ofisa wa utawala aliyekuja kujulikana duniani kwa vitabu vyake vya ndege wa Afrika, alichapisha makala juu ya Uha mwaka 1925. Na kila wilaya ilikuwa na kitabu chake cha wilaya. Vitabu hivi vinastahili kutazamwa kwa karibu. Ni majalada makubwa yenye vichwa vilivyopangwa tangu makao makuu: historia ya kabila, sheria na desturi, nasaba za watawala, idadi ya watu, misimu. Bwana Shauri mmoja, yaani ofisa wa wilaya, anaandika kurasa chache, anahamishwa. Anayemfuata anaongeza au anasahihisha pembeni. Kwa hiyo kurasa mbili zinazofuatana zinaweza kupingana, na aliyeandika ya pili hakuona haja ya kueleza kwa nini.

Cha kuangalia sana ni nani alikuwa amekaa mbele ya meza. Waingereza walitaka kutawala kupitia machifu, kwa hiyo walihitaji kujua nani ni mtawala halali. Aliyeitwa kusimulia historia alikuwa Mwami na watu wa nyumba yake, na walijua kabisa kwamba simulizi yao ingeamua mshahara, mipaka na urithi. Nasaba ndefu iliyonyooka ilikuwa na faida. Mteko hakuitwa, au aliitwa kama mchawi. Wanawake hawakuitwa kabisa. Mambo haya hayavifanyi vitabu vya wilaya kuwa uongo; vina habari ambazo hazipo mahali pengine popote. Ila mwanafunzi anayenakili nasaba kutoka kitabu cha wilaya bila kuuliza habari hiyo ilimfaa nani anaendeleza kazi ya Bwana Shauri.

Kisha yakaja mambo mawili yaliyoibadilisha Buha kuliko vita yoyote. La kwanza ni malale. Katika miaka ya 1930 ugonjwa ulienea, na serikali ikaamua kuwahamisha watu kutoka maeneo yenye mbung'o na kuwakusanya katika makazi makubwa. Familia zilizokuwa zikiishi kwa kutawanyika, kila moja na migomba yake, makaburi yake na mahali pake pa kutambikia, ziliamriwa kuondoka. Mashamba yaliyoachwa yakageuka msitu, na mbung'o na wanyama wa porini wakaufuata. Watalii wa leo wanaoona pori la Moyowosi upande wa mashariki wa Kibondo hudhani nchi ile ilikuwa hivyo tangu dunia kuumbwa.

La pili ni manamba. Buha ilikuwa mbali na masoko, na kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu. Mawakala wa mashamba ya mkonge walipanda milimani kuandikisha vijana, wakawapeleka hadi Tanga na Morogoro. Waha walikuwa miongoni mwa watu walioukata mkonge kwa wingi zaidi katika Tanganyika ya Waingereza. Wanaume walikuwa mbali, na waliobaki kulima, kulea na kuzika walikuwa wanawake. Habari za mkonge wenyewe zimeandikwa sana: bei, tani, mashamba. Habari za nyumba zilizoachwa Kibondo zimeandikwa kidogo mno.

Hapa Mlimani ikaigeukia Buha kwa jicho jingine. Rodney alitoa kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoirudisha Afrika nyuma mwaka 1972, miaka miwili baada ya chuo kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea. Wanafunzi wakaanza kuuliza juu ya kazi, kodi na tabaka badala ya mashujaa peke yao. Mwaka 1981 Temu, akiandika na Bonaventure Swai, aliikosoa waziwazi historia ya kitaifa ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameshiriki kuijenga. Naliheshimu sana jambo hilo. Kwa mtazamo huu mpya Buha ilionekana hatimaye: ikawa mfano wa eneo lililogeuzwa ghala la vibarua. Ilikuwa kweli, lakini nusu ya kweli. Mtu wa Buha aliingia vitabuni akiwa amebeba panga la mkonge, bila Mwami wake, bila mteko wake, bila lugha yake.

Ilibidi mtu mwingine aje kuirudisha nusu ile. Michele Wagner, mwanahistoria Mmarekani, katika kitabu cha mwaka 1996 kilichohaririwa na Gregory Maddox, James Giblin na Kimambo, aliandika juu ya Buha na mazingira yake: namna watu walivyoifikiria ardhi, nafasi ya wateko, na jinsi kuhamishwa kulivyokata uhusiano uliojengwa kwa vizazi. Kwa kuwa makala yake imejengwa juu ya maneno ya wazee, ukiisoma unahisi kuna watu ndani yake. Ningependa siku moja makala ya namna hiyo iandikwe na binti wa Heru Juu.

Heru yenyewe ilikuwa na mwanamke wa kuandikiwa. Katika miaka ya mwisho ya Waingereza kiti chake kilikaliwa na Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyetawala wakati machifu karibu wote nchini walikuwa wanaume. Mwaka 1963 serikali huru ilifuta uchifu. Falme ziliondoka, majina yakabaki: mpaka leo wapiga kura wa Kibondo wanamchagua mbunge wa Muhambwe, na hadi uchaguzi wa 2020 wa Kakonko walimchagua mbunge wa Buyungu.

Mwaka 1972 Kigoma ikawa miongoni mwa mikoa ya kwanza kufanyiwa operesheni ya vijiji, kabla ya Mwalimu Nyerere kutangaza mwaka 1973 kwamba kuishi vijijini ni amri kwa nchi nzima. Watu ambao wazazi wao walihamishwa kwa ajili ya malale wakahamishwa tena, safari hii kwa ajili ya Ujamaa. Mwaka huohuo wa 1972, mauaji ya Burundi yaliwafukuza maelfu kuvuka mpaka. Kisha Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa Bujumbura, na milima ya Kasulu na Kibondo ikajaa kambi: Mtabila, Muyovosi, Kanembwa, Mtendeli, Nduta, Karago, na mwaka 1996 Nyarugusu kwa ajili ya Wakongo.

Katika kambi hizo watoto wa Kongo wamesoma mtaala wa Kongo, na wa Burundi mtaala wa Burundi, ilhali kilomita chache tu kutoka hapo mtoto wa Muha anasoma mtaala wa Tanzania. Katika wilaya moja, asubuhi moja, zimefundishwa historia za mataifa matatu juu ya eneo lilelile. Mrundi anasoma habari za Ntare, Muha hamsikii kabisa darasani, ingawa lugha zao zinaelewana na huenda mapokeo yao yametoka mlima mmoja. Sijui mahali pengine Tanzania ambapo swali la historia ni ya nani linakaa wazi namna hii.

Mwanafunzi wa leo anayetoka sekondari za huku na mchepuo wa HGL au HKL, akapata mkopo wa serikali na nafasi ya chuo, anakuta mlango umefunguka kuliko zamani. Kuna historia mpya ya Tanzania ya mwaka 2017, iliyoandikwa na Kimambo, Maddox na Salvatory Nyanto. Shuleni limeingia somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili, na somo hilo litahitaji vitabu vyenye mifano ya kila mkoa. Mifano ya Kigoma italazimika kutoka mahali fulani.

Kazi yenyewe uwandani haijarahisika. Unahitaji kibali cha utafiti, barua kwa mkuu wa wilaya, kwa mtendaji wa kata, kwa mtendaji wa kijiji. Unamfikia mzee, na mzee anasimulia kwa Kiha. Unaandika daftari lako kwa Kiswahili, tasnifu unaiandika kwa Kiingereza. Katika kila kivuko kuna kinachoanguka, kwa hiyo mwenye busara hutunza maneno ya Kiha kama yalivyotamkwa na sauti yenyewe kwenye kinasa sauti. Ukiuliza jambo lilitokea mwaka gani mzee hatataja namba. Atakwambia alikuwa hajaoa, au nzige walikuwa wamepita, au walikuwa bado hawajahamishwa. Hapo unarudi kwenye faili za Upanga kutafuta mwaka wa nzige, na faili na mzee wanaanza kusaidiana. Halafu unamwomba akuonyeshe walipokuwa wakiishi kabla ya kuhamishwa, na kama miguu inamruhusu mnaenda pamoja, anakuonyesha mti uliopandwa uani na mahali kaburi la baba yake lilipo katikati ya vichaka. Hakuna faili lenye habari hiyo.

Mtu aliyekuwa na miaka 25 operesheni ya vijiji ilipofika Kasulu mwaka 1972 alitimiza miaka 78 mwaka 2025, umri uleule wa wazee wa Maji Maji wanafunzi wa Mlimani walipowafikia. Waliohamishwa kwa ajili ya malale wamekwisha kuondoka, na yaliyobaki yao yamo kwa watoto waliowasikia wakisimulia jioni. Watoto hao ndio haohao waliohamishwa mwaka 1972. Wapo Heru Juu, wapo Muhambwe, wapo vijiji vyote vya barabara ya Kibondo, na wengi wao bado wana nguvu ya kukaa kivulini nusu siku na kuongea.